Sindano Chini ya Hadubini: Mwongozo wa Anayetaka Kujifunza Kupandikiza Ini la Panya

Shangazi yangu wa Ibra akipelekewa kofia anunue, hashughuliki na viua vya juu. Huipindua. Hutazama upande wa ndani, ule unaogusa nywele na usioonekana na mtu, akapitisha kidole juu ya mafundo, ndipo aulize bei. Yeye mwenyewe alianza kushona kofia akiwa msichana Unguja, na aliporudi Oman miaka ya 1970 sindano zake zilikuja naye. "Nje kila mtu atapendezesha, mwanangu," huniambia. "Ndani ndiko anakojulikana fundi."

Mimi kazi yangu ni kushona mishipa ya panya wa maabara, na katika vitabu vyote nilivyosoma sijakuta kanuni iliyonifaa kuliko hiyo. Nakuandikia wewe unayesomea udaktari, mifugo au ufamasia, pengine Chuo Kikuu cha Nizwa, cha A'Sharqiyah pale Ibra, au Sultan Qaboos kule Al-Khoud, nawe umesikia kwamba kuna watu huhamisha ini la panya mmoja wakampa mwingine naye akaishi. Ni kweli. Na sehemu kubwa ya mafunzo yake haihitaji panya hata mmoja.

Kazi hii ilitoka wapi

Ushonaji wa mishipa ya damu ulianza na mtu aliyekwenda kujifunza darizi. Alexis Carrel, daktari kijana wa Lyon, Ufaransa, alimwendea mshona darizi wa mji huo, Bi Leroudier, akafundishwa kushika sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha njia yake ya kuunganisha mishipa, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1960 Julius Jacobson na Ernesto Suarez, huko Vermont, Marekani, waliweka mishipa midogo chini ya hadubini, na mkono wa mpasuaji ukaweza yale ambayo jicho tupu lilikuwa likiyakosa.

Ini la panya lilifuata. Sun Lee na wenzake wa San Diego walieleza njia yao mwaka 1973: mishipa ilishonwa kwa mkono, na damu ya matumbo ikapitishwa njia ya pembeni wakati mnyama hana ini. Ilifaulu, ila ilikuwa ndefu na ngumu. Mwaka 1979 Naoshi Kamada na Roy Calne wa Cambridge walileta pete ndogo za plastiki mahali pa baadhi ya mishono. Pete hizo ndizo zinazotumika katika maabara nyingi hadi leo.

Faida yake ni ipi? Calne na Kamada waliona kwamba ini la panya wa ukoo wa DA likipewa panya wa ukoo wa PVG hupokelewa bila dawa, lakini likipewa wa ukoo wa Lewis hukataliwa upesi. Ini lilelile, mwili tofauti. Swali la kwa nini mwili mmoja unamkaribisha mgeni na mwingine unamfukuza linamhusu kila mgonjwa anayemeza vidonge vya kuzuia mwili usikatae kiungo alichopewa.

Ruhusa kabla ya sindano

Usimguse mnyama hai kabla hujapata vitu vitatu: kibali cha kamati ya maadili ya chuo, mwalimu atakayekaa kando yako, na daktari wa mifugo anayesimamia nyumba ya wanyama. Kumpasua mnyama hai nyumbani ni ukatili, hata kama nia ni masomo.

Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch wa Uingereza waliweka mambo matatu ambayo kamati itakuuliza. Je, huwezi kutumia kitu kingine badala ya mnyama? Kama huwezi, idadi unayoomba ndiyo ndogo kabisa? Na utafanya nini ili asiumie? Kwetu sisi maswali haya si mageni. Tumelelewa kujua kwamba hata wa kuchinjwa hunolewa kisu, na halazwi akakitazama. Panya wa maabara naye ana haki ya kukutana na mkono uliokwisha kunolewa.

Vyombo vya kuanzia

Hutahitaji vingi, ila viwe vizuri:

- Hadubini ya upasuaji inayokuza kuanzia mara 6 hadi 25. Kwa kuanza, hata ile ya kuchunguzia wadudu katika maabara ya biolojia inatosha, mradi mikono ipite chini yake.
- Vibano viwili vyenye ncha nyembamba, namba 5. Wapasuaji wa kwanza waliviazima kwa masonara na mafundi wa saa. Ukiwa Nizwa, simama kwa fundi wa fedha anapokunja nyuzi za ala ya jambia. Tazama namna mikono yake yote miwili ilivyoegemea meza, vidole tu vikienda.
- Koleo la sindano la springi na mkasi wa springi.
- Uzi. Namba inavyopanda uzi hupungua: 8-0 ni kama sehemu 4 za mia za milimita, na 10-0 ni kama nusu yake. Unywele wako ni mnene kuliko zote mbili.
- Kanyula za kawaida za hospitali. Ya rangi ya chungwa, namba 14, hukatwa pete. Ya buluu, namba 22, hukatwa kijirija cha nyongo.

Vibano hivyo havifai kuokotea kitu kingine chochote. Ncha ikipinda kidogo tu hutaiona kwa macho, lakini mshipa utaijua.

Mwezi wa kwanza: glavu na paja la kuku

Anza na kipande cha glavu. Kivute juu ya kadi, kibandike pembeni, kikate mstari mmoja kwa wembe, kisha kishone. Ishike sindano thuluthi mbili kutoka nchani. Iingize wima, uitoe kwa kuuzungusha mkono kufuata mkunjo wake; ukiivuta moja kwa moja itachana. Umbali kutoka ukingoni uwe kama unene wa ukuta mara mbili, na pande zote mbili zilingane. Shona mpaka mishono kumi ikae kama ilipigwa rula.

Kisha nenda sokoni ukanunue paja la kuku mbichi. Tenganisha misuli taratibu kufuata mfupa wa paja. Utakuta ateri yenye upana wa milimita moja au mbili, na vena kando yake. Ikate ateri, uiunganishe tena kwa njia ya Carrel: mishono mitatu ya kwanza iwekwe kwa umbali sawa kuuzunguka mdomo wa mshipa, uivute, na mduara utageuka pembetatu. Kushona pande tatu zilizonyooka ni rahisi kuliko kushona duara.

Kanuni moja iingie damuni: kibano hushika utando wa nje tu. Ngozi ya ndani ya mshipa haishikwi kamwe, kwani ukiijeruhi, katika mnyama hai damu itaganda papo hapo.

Ukimaliza, fanya kama shangazi. Usiutazame mshono kwa nje ukajipongeza. Upasue mshipa kwa urefu, uufunue, uangalie ndani. Hapo utaona uzi uliopita mpaka ukuta wa pili ukaziba njia, ukingo uliojikunja ndani, pengo la mahali ulipochoka. Andika yote katika daftari, na tarehe. Mshipa wangu wa kwanza kwa nje ulikuwa wa kupigiwa picha. Ndani nilikuwa nimeufunga kabisa, tone la maji lisingepita.

Na paja hilo lisirudi jikoni. Hesabu sindano zako kabla na baada, kisha litupe.

Mwezi wa pili: vena na pete

Ateri ina ukuta mgumu, mdomo wake hubaki wazi. Vena hulala kama kitambaa kilicholowa, na midomo yake hushikana. Dawa yake ni maji: fanyia kazi ndani ya kibakuli cha maji ya chumvi ya hospitali, na ukuta utaelea na kujifungua wenyewe.

Kwa mazoezi ya pete, mwombe mchinjaji utumbo wa mbuzi pamoja na utando wake wenye mafuta. Humo mna vena za milimita mbili mpaka tatu, karibu sawa na vena pota ya panya, yaani mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini.

Kata pete kutoka kwenye kanyula ya namba 14. Mwili wake uwe wa milimita mbili au tatu, na ubakize kimkia kidogo upande mmoja cha kushikia. Pitisha vena ndani ya pete, kisha ikunje mdomo wake kwa nje uifunike pete, kama unavyokunja mkono wa kanzu wakati wa kutia udhu. Funga kwa uzi wa hariri. Sasa ngozi ya ndani ya mshipa ndiyo iko nje. Uisukumize pete hiyo ndani ya mdomo wa vena ya pili, funga uzi wa pili juu yake, na kazi imekwisha. Ngozi ya ndani imekutana na ngozi ya ndani, na damu haigusi plastiki. Fundi mzoefu huimaliza kwa dakika chache.

Kosa kubwa la pete ni kuiingiza mshipa ukiwa umejisokota. Kabla ya kufunga uzi, hakikisha kimkia kimeelekea palepale ulipokusudia tangu mwanzo.

Mjue mnyama wako

Panya wa maabara wa gramu 250 ana damu kama mililita 16 tu, yaani kijiko kikubwa kimoja na kidogo zaidi. Mililita mbili zikimwagika mezani ni sawa na mtu mzima kumwagikwa na zaidi ya nusu lita. Ini lake lina uzito wa gramu kama 10, na limegawanyika vipande kadhaa vinavyoteleza. Hana mfuko wa nyongo, usiutafute. Nyongo yake hutiririka moja kwa moja kwenye mrija mwembamba mpaka utumbo mdogo. Kipanya mdogo wa maabara yeye anao. Panya pia hawezi kutapika, kwa hiyo kumnyima chakula kwa kuogopa atapaliwa usingizini, kama tufanyavyo kwa binadamu, hakuna maana.

Mwili mdogo hupoteza joto haraka. Kwetu nje ya mlango jua linapiga nyuzi 45, lakini ndani kiyoyozi kinavuma, na panya aliyefunguliwa tumbo atapoa huku wewe ukitokwa na jasho. Mlaze juu ya kitanda cha joto, umpime joto muda wote, ubaki karibu na nyuzi 37.

Siku ya kazi: kwa mtoaji

1. Mlaze kwa dawa ya usingizi ya kuvuta, isoflureni kwa kawaida. Bana kidole cha mguu. Akivuta mguu, bado.
2. Fungua tumbo, likate ini kutoka kwenye kano zake. Ligeuze kwa pamba iliyolowa, si kwa kibano.
3. Tia kijirija cha plastiki katika mrija wa nyongo, ukifunge.
4. Funga vijishipa vinavyoingia kwenye vena pota na vena kuu ya chini. Katika njia ya Kamada, ateri ya ini nayo hufungwa na haiunganishwi tena.
5. Mpe heparini ili damu isigande, kisha osha ini kwa maji ya chumvi baridi mpaka ligeuke kutoka wekundu wa damu hadi rangi ya chai ya maziwa.
6. Litoe, liweke katika bakuli juu ya barafu, nyuzi 4, na humo humo valisha pete mbili: moja kwenye vena pota, nyingine kubwa zaidi kwenye vena kuu chini ya ini.

Mtoaji hazinduki tena. Kila ulichojifunza juu ya upole kinaanza kwake.

Siku ya kazi: kwa mpokeaji, na saa ukutani

Hapa ndipo saa inapotawala. Ukishaibana vena pota, damu ya matumbo haina pa kwenda. Matumbo huvimba na kugeuka zambarau, presha huanguka, sumu hujikusanya. Binadamu anaweza kuvumilia kwa muda au akapitishiwa damu kwa mashine, panya hawezi. Kutoka kubana mpaka kufungua, lenga dakika 15. Usipite 20. Ukipita 25, utafunga tumbo la mnyama ambaye pengine hatafika asubuhi.

1. Fungua, litenganishe ini la zamani, funga ateri na mrija wa nyongo. Mpaka hapa huna haraka. Kila ulicholegeza sasa kitakuokolea sekunde baadaye.
2. Mwambie msaidizi aanze saa. Bana vena kuu chini ya ini, vena pota, kisha vena kuu juu ya ini pamoja na ukingo wa kiwambo cha kifua. Papo hapo punguza dawa ya usingizi mpaka karibu na kuifunga, kwa sababu damu inayorudi moyoni sasa ni kidogo na kipimo cha awali kitamuua.
3. Litoe ini la zamani, liweke jipya likiwa limefunikwa shashi baridi.
4. Shona vena kuu ya juu kwa mkono, uzi 7-0 au 8-0, mshono wa kuendelea: ukuta wa nyuma kwanza, kutoka ndani, kisha wa mbele. Huu ndio mshono pekee mkubwa uliobaki, na ndio unaokula dakika zako nyingi. Kabla ya fundo la mwisho, jaza maji ya chumvi ili hewa itoke.
5. Ingiza pete ya vena pota, funga.
6. Fungua vena pota na vena kuu ya juu. Simamisha saa. Ini litageuka jekundu mbele ya macho yako, pande zote kwa pamoja kama umefanya vizuri, kwa madoadoa kama mahali fulani pamejisokota.
7. Sasa pumua. Ingiza pete ya vena kuu ya chini, kisha unganisha mrija wa nyongo juu ya kijirija. Mwongezee maji ya chumvi yenye uvuguvugu, funga tumbo.

Ukiona damu inachuruzika kwenye mshono wa juu, usikimbilie sindano. Weka kipande cha shashi, bonyeza kwa upole, hesabu mpaka sitini. Majahazi ya kale ya kushonwa kwa kamba za nazi, kama jahazi Sohar lililojengwa kwa kuyaiga huko Sur mwaka 1980, yaliwategemea mafundi wa kuziba matundu ya kamba. Mshono wa mshipa huzibwa na damu yenyewe, ukiipa nafasi. Sindano ya haraka mara nyingi huongeza tundu la pili.

Usiku wa kwanza

Usiende nyumbani ukamwachia mlinzi. Mweke panya peke yake kwenye kizimba chenye joto, chakula laini na maji karibu na mdomo. Dawa ya maumivu, kama buprenofini, irudiwe kila saa 8 hadi 12 kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Mtazame uso: macho yaliyofumbwa nusu, masikio yaliyojikunja na manyoya yaliyosimama ni maumivu. Ukiona wekundu kama damu kuzunguka macho, si damu. Ni machozi ya panya aliye katika dhiki. Siku zinazofuata angalia masikio na mkia wa panya mweupe. Yakigeuka manjano, mrija wa nyongo umeziba.

Kibali chako lazima kiseme mapema ni dalili zipi zikionekana mnyama hataachwa ateseke bali atapumzishwa. Uamuzi huo uandikwe kabla, mchana, ukiwa na akili tulivu. Saa nane za usiku, baada ya kazi ya siku nzima, kila mtu hutaka kumpa panya wake "saa moja zaidi".

Mkono unaotetemeka

Kila mkono hutetemeka. Hadubini huonyesha tu. Rekebisha kiti kabla ya kazi, miguu yote ikanyage sakafu, kiganja na mkono mpaka kiwiko vilale mezani. Kama umezoea kahawa ya iliki na tende asubuhi, kunywa kiasi chako cha kila siku. Usiiache siku ya kazi, wala usiiongeze. Ukianza kuharakisha, weka vibano chini, tazama mbali dirishani kwa nusu dakika. Muda huo upo, ila kabla vena haijabanwa. Baada ya hapo haupo.

Utajuaje kuwa umefika

Usiombe panya mpaka daftari lako lionyeshe haya: mishipa kumi ya kuku mfululizo ambayo ndani yake haina kosa, pete kumi mfululizo bila kusokotwa, na mazoezi yote ya mpokeaji kwa mnyama aliyekwisha kufa kwa ajili ya kazi nyingine, saa ikiwa ukutani, kutoka kubana mpaka kufungua chini ya dakika 20. Nasema mfululizo. Nane kati ya kumi maana yake ni wanyama wawili uliowaua kwa kutojua.

Siku nilipofikisha ya kumi nilimpelekea shangazi kipande kile cha ateri ndani ya kichupa, pamoja na hadubini ya kuazima, nikaiweka kwenye meza yake karibu na kofia aliyokuwa ameifikisha nusu. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, jicho moja kisha jingine. Mimi nasubiri sifa.

"Umeshona vizuri," akasema. "Haya, nipasulie nione ndani."